Chupa ya Denmark na Mnada wa Haidrojeni

Aliyekulia Afrika Mashariki zama zile soda haiuzwi mpaka upeleke chupa tupu ataielewa hadithi hii tangu mwanzo wake. Denmark nako mambo yalikuwa hivyo. Chupa ya bia, ya kahawia, ilinywewa, ikarudishwa dukani, mtu akapewa amana yake, nayo chupa ikarudi kiwandani kuoshwa na kujazwa tena. Ilikuwa desturi kabla haijawa sheria.

Julai 1981 serikali ya Denmark iliiandika desturi hiyo. Bia na vinywaji baridi viuzwe katika vyombo vinavyorudishwa tu, na kila aina ya chombo iidhinishwe kwanza na mamlaka ya mazingira. Makopo ya chuma hayakuruhusiwa. Watengenezaji wa nchi nyingine wakaja juu. Kiwanda cha mbali kingelazimika kutengeneza chupa maalumu kwa ajili ya soko moja dogo, kisha kigharamie kuzisafirisha tupu kwenda kwao. Mwaka 1984 Denmark ililegeza kidogo: kila mzalishaji aruhusiwe hektolita 3,000 kwa mwaka katika vyombo visivyoidhinishwa, mradi visiwe vya chuma na viwe na mpango wa kuvirudisha. Kamisheni ya Ulaya haikuridhika. Mwaka 1986 iliishtaki Denmark katika Mahakama ya Ulaya mjini Luxembourg, na Uingereza ikaingia shaurini kuiunga mkono Kamisheni.

Hukumu ilisomwa tarehe 20 Septemba 1988. Uzuri wake ni kwamba majaji walishuka mpaka kwenye kaunta ya duka. Waliuliza: mtu akishamaliza kinywaji, chupa ataipeleka wapi? Chupa iliyoidhinishwa ilipokelewa na duka lolote nchini. Isiyoidhinishwa ilipokelewa na yule aliyeiuza tu, kwa kuwa huwezi kumlazimisha kila mwenye duka kutenga nafasi ya chupa za kila sura. Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyobeba shauri zima. Mahakama ikakubali kwamba kulinda mazingira ni sababu halali ya kubana biashara huria, na kwamba amana ya chupa ni halali kwa kuwa bila hiyo chupa hazirudi. Lakini kiwango cha hektolita 3,000 kikafutwa. Chupa ngeni nazo zilikuwa na njia yake ya kurudishwa, na bia iliyotoka nje ilikuwa kidogo ukilinganisha na yote iliyonywewa Denmark, kwa hiyo kuibana kiasi hicho kulizidi mahitaji. Kwa maoni yangu, sheria zote za vifungashio vya Ulaya zilizofuata zimekalia hukumu hii.

Miaka mitatu baadaye Ujerumani ilichukua hatua kubwa zaidi. Waziri wa mazingira, Klaus Töpfer, alitoa kanuni ya Juni 1991 iliyosema kwamba anayefunga bidhaa ndiye atakayewajibika na kile alichofungia. Kampuni zilikuwa zimekwisha kuunda shirika la pamoja la kukusanya taka hizo, na waliolipa ada waliweka kwenye bidhaa zao alama ya nukta ya kijani. Wananchi waliitikia kwa moyo. Tatizo likawa kwamba kilichokusanywa kilizidi uwezo wa viwanda vya kurejeleza, kikaanza kuvuka mipaka. Warejelezaji wa Ufaransa na Uingereza, waliokuwa wakinunua karatasi na plastiki kuukuu kwa bei ya soko, walijikuta wakishindana na mzigo wa Kijerumani uliokuwa umekwisha kulipiwa. (Töpfer huyu ndiye aliyehamia Nairobi mwaka 1998 na kuliongoza Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, hadi 2006.)

Ndipo Brussels, makao ya Kamisheni, ilipoona haja ya sheria moja kwa wote. Mwaka 1992 Kamisheni ilipendekeza kwamba ndani ya miaka 10 asilimia 90 ya taka za vifungashio ziokolewe zisiishie jalalani, na asilimia 60 ya kila aina irejelezwe. Hapa ndipo mabunge yalipoingia, na inafaa nieleze kazi yao ilivyokuwa, maana ni kazi isiyoonekana.

Uingereza ilijiunga na Jumuiya ya Ulaya mwaka 1973. Mwaka uliofuata, Baraza la Makabwela na Baraza la Malodi yalikuwa na kamati za kusoma nyaraka za Brussels. Waraka ulipotua, waziri mhusika alitakiwa kuandika maelezo: pendekezo linasema nini, linagusa sheria gani za nchi, litagharimu kiasi gani, na serikali ina msimamo gani. Kamati ya makabwela ilisoma vyote viwili, waraka na maelezo, ikaamua kama jambo ni zito. Kama majibu ya waziri yalikuwa mepesi, alirudishiwa barua yenye maswali, na faili likabaki wazi. Tangu azimio la Oktoba 1980, waziri hakupaswa kukubali jambo huko Brussels kabla kamati haijamaliza kulipitia, isipokuwa awe na sababu maalumu. Malodi walikuwa na mtindo wao: walichagua mambo machache wakayachimba, wakaita mashahidi na kuwahoji, na mwaka 1993 walitoa ripoti kuhusu vifungashio peke yake.

Kazi hiyo ilirudiwa, kwa namna mbalimbali, katika miji mikuu mingine na katika Bunge la Ulaya. Matokeo yake yanaonekana katika tarakimu. Agizo lililopitishwa tarehe 20 Desemba 1994 halikuwa na zile asilimia 90. Lilitaka kati ya asilimia 50 na 65 ya taka ziokolewe, kati ya 25 na 45 zirejelezwe, na kila aina isipungue 15. Vilevile liliweka kikomo cha juu, ili nchi moja isikusanye kupita uwezo wa viwanda na kumwagia majirani. Ugiriki, Ireland na Ureno zilipewa masharti mepesi zaidi. Denmark, Uholanzi na Ujerumani, zilizokuwa zimetangulia, zilipiga kura ya kupinga katika Baraza la Mawaziri. Wapenda mazingira walisikitika, na nawaelewa. Lakini sheria ile iliishi miaka 30, ikawa inaongezewa makali kila baada ya muda, kwa sababu ilianza na kiasi ambacho hata nchi isiyo na pipa la kutenganisha taka ingeweza kukifikia.

Makali ya mwisho yalianza tarehe 30 Novemba 2022, Kamisheni ilipopendekeza kanuni mpya kuchukua nafasi ya agizo la 1994. Uingereza ilikuwa imekwisha kujitoa katika Umoja wa Ulaya, lakini kamati ya makabwela, chini ya Bill Cash aliyeiongoza tangu 2010, iliendelea kusoma. Agizo la vifungashio limo katika orodha ya sheria za Ulaya zinazobaki na nguvu Ireland ya Kaskazini, kwa hiyo mabadiliko ya Brussels yaliweza kumgusa mwenye duka wa Belfast ambaye hana tena mbunge katika Bunge la Ulaya. Kamati hiyo haikuundwa tena baada ya uchaguzi wa Julai 2024. Naona ni hasara.

Katika Bunge la Ulaya mjadala ulikuwa mkali, na wakati mwingine ulirudi kaunta ileile. Wafaransa waliuliza kuhusu jibini la Camembert, linalouzwa katika kikasha cha mviringo cha mbao nyembamba. Pendekezo lilitaka kila kifungashio kiweze kurejelezwa ifikapo 2030. Kikasha kile hakina kiwanda cha kukirejeleza, ingawa ni chepesi, kinaoza, na hulifanya jibini lipumue linapoiva. Sheria ya mwisho ilizisamehe mbao nyepesi sharti hilo. Novemba 2023 wabunge walipiga kura 426 za kukubali na 125 za kukataa. Aprili 2024, baada ya mapatano na nchi wanachama, zikawa 476 kwa 129. Kanuni ilianza kuwa na nguvu Februari 2025, na inatumika rasmi kuanzia tarehe 12 Agosti 2026.

Sasa tazama jambo la pili, lililopita meza zilezile katika miaka ileile. Haidrojeni ya kijani hupatikana kwa kupitisha umeme wa jua au upepo ndani ya maji ili kuyatenganisha. Kilo moja hula maji yapatayo lita 9 na umeme wa zaidi ya uniti 50. Mei 2022, miezi mitatu baada ya Urusi kuivamia Ukraine, Kamisheni ilitangaza lengo: ifikapo 2030, Ulaya izalishe tani milioni 10 kwa mwaka na kuagiza nyingine milioni 10. Septemba mwaka huo rais wake, Ursula von der Leyen, akatangaza Benki ya Haidrojeni yenye euro bilioni 3. Mwaka mmoja baadaye alikuwa Nairobi pamoja na Rais Ruto kuzindua mkakati wa haidrojeni wa Kenya, unaolenga kwanza mbolea.

Jina ni benki, lakini haina kaunta wala amana. Kazi yake ni mnada. Mwenye mradi hutaja ruzuku anayoihitaji kwa kila kilo, na anayetaja kiasi kidogo zaidi ndiye mshindi. Mnada wa kwanza ulifungwa Februari 2024 ukiwa na maombi 132. Kikomo kilikuwa euro 4.50 kwa kilo. Washindi 7, kutoka Uhispania, Ureno, Finland na Norway, walitaja chini ya senti 50, wakagawiwa karibu euro milioni 720 za miaka 10, kwa tani milioni 1.58.

Julai 2024 Mahakama ya Wakaguzi wa Hesabu ya Ulaya ilitoa ripoti yake. Ilisema malengo yale ya tani milioni 10 na 10 yalitokana na utashi wa kisiasa, si uchambuzi imara, na kwamba hayakuelekea kufikiwa. Nimelisoma hitimisho hilo nikizikumbuka asilimia 90 za mwaka 1992. Zile zilihojiwa zingali pendekezo, zikapunguzwa na watu waliouliza pipa liko wapi na kiwanda kiko wapi. Lengo la haidrojeni lilitangazwa kwanza, fedha zikafuata, na swali la umeme utatoka wapi na nani atainunua kilo hiyo likaja na wakaguzi.

Vuli ile washindi wa mnada waliitwa kutia saini mikataba. Miradi 6 ilitia saini. Wa saba ulikuwa umejitoa.