Chuo cha Mtaani na Malezi ya Mtoto wa Mwambao

Kabla ya Wajerumani na Waingereza kupandisha bendera zao katika mwambao wa Afrika Mashariki, na kabla ya kutokea mkaguzi wa elimu wa kuandika katika ripoti yake kwamba watoto wa nchi hii hawana skuli, watoto wa Lamu, Mombasa, Tanga, Bagamoyo na Unguja walikuwa na mahali pao pa kwenda asubuhi, napo paliitwa chuoni. Aghalabu chuo hakikuwa jengo la peke yake. Kilikuwa baraza ya mwalimu, au ukumbi wa nyumba yake, au ubavu wa msikiti uliotandikwa jamvi, na mtoto alipelekwa huko na mzazi wake akiwa na umri wa miaka sita au saba, pengine mdogo kuliko hivyo, akakabidhiwa mwalimu kwa maneno ya heshima na kwa ada waliyoafikiana. Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye maelezo yake juu ya desturi za Waswahili yalipigwa chapa Ujerumani mwaka 1903, hakukiona chuo kuwa ni jambo dogo la kupitiwa haraka. Kwake kilikuwa daraja moja katika maisha ya mtu, kama ilivyokuwa kutahiriwa na kuoa.

Napenda kukaa kidogo juu ya namna mafunzo yenyewe yalivyokwenda, kwa kuwa hapo ndipo penye maarifa ambayo wengi wetu tumeyapita bila ya kuyatazama. Mtoto alikuwa na ubao wake mwenyewe, na kalamu ya tete iliyochongwa, na wino wa masizi. Mwalimu alimwandikia somo lake, naye akalikariri kwa sauti mpaka likamkaa kifuani, akenda akalisoma mbele ya mwalimu, na likisha kukubaliwa ubao ulioshwa ili somo jingine liandikwe. Alianza kwa herufi na nukta zake, be yenye moja chini na te yenye mbili juu, kisha akajifunza fataha, kisiri na dhuma, kisha akaziunganisha herufi zikawa maneno, ndipo alipoingia katika Juzuu Amma, akitoka kwenye Fatiha na sura fupi za mwisho wa msahafu na kupanda taratibu kuziendea zile ndefu. Na kwa sababu kila mmoja alikuwa na somo lake katika ubao wake, hapakuwa na darasa la kwanza wala la pili. Mwepesi wa kuhifadhi alikwenda mbele pasi na kumngoja mtu, na mzito alikaa na aya yake siku nyingi bila ya kuambiwa kwamba ameanguka mtihani, maadamu mtihani wenyewe haukuwapo ila huo wa kusoma mbele ya mwalimu siku aliyokuwa tayari. Waliotangulia waliwasomesha waliofuata, hata mtoto wa miaka kumi alikuwa na mdogo wake wa chuo wa kumwongoza, akalazimika kulifahamu vyema zaidi somo alilokuwa analifundisha. Na hivyo mwalimu mmoja aliweza kuuangalia umati wa watoto wa umri mbalimbali, wote wakisoma kwa pamoja kwa sauti, na sikio lake likimjua aliyekosea. Pamoja na kusoma palikuwa na kufagia baraza, kuteka maji, kutumwa na kurudi na jawabu sahihi, kuamkia watu wazima wapitao njiani. Mambo hayo hayakuhesabiwa kuwa ni kazi za kando, bali ndiyo adabu, na adabu ilitangulia elimu.

Chuo, kwa hakika, kilikuwa nusu tu ya malezi. Jioni ilipoingia, mtoto yule yule alikaa kwa bibi yake kutegewa vitendawili, akajifunza kwamba kitu kimoja chaweza kusemwa kwa namna ya kingine, na kwamba aliyeshindwa hutoa mji kwa ukarimu kisha akapewa jawabu. Mchana wasichana walicheza mdako, wakarusha kijiwe hewani na kuyakusanya mengine kabla hakijaanguka, nao mchezo huo ni hesabu ya mkono na jicho ambayo mtoto wa miaka mitano huipata bila ya kuambiwa kwamba anafundishwa hesabu. Wana wa wavuvi walichonga vidau vya mbao laini na kuvitia tanga, wakajua upepo. Na kwa wazee walisikia habari za Nairuzi, siku ya mwaka mpya, na za miongo, yaani hesabu ya mwaka wa jua kwa makumi ya siku, ambayo kwayo mkulima hujua wakati wa kupanda na nahodha hujua wakati wa kusafiri. Tena palikuwa na mafunzo ya mama kwa mwanawe, na mfano wake ulio bora ni utendi ambao Mwana Kupona binti Mshamu, mke wa Bwana Mataka wa Siu, alimtungia bintiye katika karne ya kumi na tisa, akauandika kwa herufi za Kiarabu katika lugha ya nyumbani, ili bintiye na wasichana wengine wausome na kuuhifadhi.

Insafu yanitaka niseme pia kasoro. Bakora ilitumika kupita kiasi, na wako waliohitimu juzuu zote thelathini wasijue maana ya aya hata moja katika walizozisoma, kwani kuhifadhi kulitangulia kufahamu kwa miaka mingi, na wengine walitoka chuoni kabla hiyo zamu ya kufahamu haijawafikia. Maulamaa wenyewe waliliona hilo. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa mwaka 1891 na kufariki mwaka 1947, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya na mwenye magazeti ya Sahifa na Al-Islah, aliandika kwa Kiswahili vitabu vya kufundishia dini ili mwanafunzi akijue anachokisema. Huo ulikuwa urekebishaji wa mtu wa ndani, aliyekuwa akikipenda kile alichokirekebisha.

Urekebishaji wa serikali za kikoloni haukuwa wa namna hiyo. Wajerumani walifungua skuli yao Tanga mwaka 1892, Waingereza wakaanzisha skuli ya watoto wa Kiarabu Mombasa mwaka 1912, na kote huko hati iliyotukuzwa ikawa ile ya Kilatini, ilhali barua, hati za mauziano na tenzi za mwambao zilikuwa zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa. Matokeo yake ni kwamba mtoto aliyetoka chuoni akijua kusoma na kuandika alihesabiwa, siku aliyokanyaga mlango wa skuli, kuwa hajui chochote, akarudishwa mwanzo. Ni kweli kwamba mwaka 1925 serikali ya London ilitoa waraka uliotaka elimu ya Afrika iafikiane na mila na kazi za wenyeji, na kauli hiyo ilikuwa njema. Lakini mwalimu wa barazani hakuulizwa neno, na isipokuwa Unguja, ambako Kurani iliingizwa katika skuli za serikali, njia mbili hizo ziliendelea kwenda mbalimbali, mtoto akizipita zote mbili kwa miguu ile ile, hii asubuhi na ile alasiri.

Shida hiyo ilizidi baada ya uhuru, kwani wazazi wengi wa mwambao waliendelea kuwatanguliza watoto wao chuoni, nao wakafika darasa la kwanza wakiwa nyuma ya wenzao waliopitia skuli za chekechea. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viongozi wa Waislamu wa pwani ya Kenya walimfikishia Aga Khan, imamu wa Waislamu wa Ismailia, shauri hilo, na taasisi yake ikamtaka mwalimu mmoja wa Mombasa, Bi Swafiya Said, aende mitaani akazungumze na wazazi na walimu wa madrasa. Kilichozaliwa, na kikafunguliwa Mombasa mwaka 1986, ni skuli ya watoto wadogo ndani ya madrasa. Ikafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Walimu wake walikuwa wanawake wa mtaa ule ule, wengi wao hawajapata kufundisha, wakafunzwa kazi. Skuli ikawa mali ya wanakijiji na kamati yao. Na vifaa vikawa vifuu vya nazi, mbegu, makombe ya pwani na vipande vya kanga, badala ya vile vya dukani ambavyo mtoto aogopa kuvigusa.

Jambo la kupendeza ni kwamba utaratibu wa kucheza na kujifunza uliotumiwa humo ulitoka mbali, katika Michigan huko Marekani, nao humtaka kila mtoto achague kazi yake, aifanye kwa kadiri yake, kisha aeleze alichofanya. Wako walioudhania kuwa ni mgeni mtupu. Mimi nauona ukaribu mkubwa kati yake na ule ubao: kila mtoto na somo lake, kila mtoto na mwendo wake, na mwisho wa kazi kusimama mbele ya mtu mzima anayesikiliza. Hata akina mama walipoupokea hawakuwa wakiacha desturi yao, ijapokuwa wengi hawakuambiwa hivyo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008, uliowalinganisha watoto wa Kenya, Zanzibar na Uganda, ulionyesha kwamba waliopita katika skuli hizo za madrasa waliendelea katika fahamu kuliko waliobaki nyumbani, na kuliko waliokwenda katika skuli nyingine za chekechea.

Yako mambo mawili yaliyobaki, nami nayasema kwa huzuni na kwa matumaini pia. Dua, salamu, hadithi na vifuu vimeingia katika skuli hizo. Wadogo kusomeshwa na wakubwa hakujaingia, kwa kuwa tumewagawa watoto kwa umri kama walivyogawanywa na wakoloni, na dada wa miaka kumi hana tena mdogo wa chuo wa kumshika mkono. Vilevile mtoto wa leo hujifunza herufi za Kiarabu kwa ajili ya msahafu na herufi za Kilatini kwa ajili ya Kiswahili, asijue kwamba zile za kwanza ziliandika Kiswahili chake kwa dahari nyingi. Mwalimu anayejua kuandika jina la mtoto, na jina la mamake, na neno nazi na neno dau, kwa hati zote mbili katika ubao mmoja, aweza kuliziba pengo hilo la hati katika asubuhi moja, kwani mtoto wa miaka sita wa Lamu au wa Makunduchi amekwisha kuzijua herufi zote zinazohitajiwa.