Mchanga Uliojaa Maji na Namba Zinazopotosha Misingi

Nyundo ya kilo 63.5 huachiwa idondoke milimita 760 na kugonga fimbo zinazoshindilia bomba la sampuli chini ya shimo. Milimita 150 za mwanzo hazihesabiwi; mapigo ya milimita 300 zinazofuata ndiyo thamani N, na juu yake hesabu za misingi ya madaraja na maghorofa mengi duniani zimejengwa. Katika mchanga uliojaa maji, hata hivyo, namba hiyo haipimi ardhi peke yake. Hupima pia namna shimo lilivyochorongwa.

Chembe za mchanga hushikamana kwa kubanwa na uzito ulio juu yake. Maji ndani ya shimo yakishuka chini ya kimo cha maji ya ardhini, maji ya nje hukimbilia ndani kupitia kitako cha shimo. Mchanga ulio ndani ya maji hubakiwa na takriban nusu tu ya uzito wake, kwa hiyo mkondo huo hauhitaji nguvu kubwa kuzitenganisha chembe. Mchanga huchemka, hupanda ndani ya bomba la kinga, na tabaka lililokuwa limeshikana hulegea kabla halijapimwa. Fimbo zikivutwa juu kwa haraka hufyonza kama bomba la sindano, hata pale shimo lilipokuwa limejaa.

Dawa inajulikana: kimo cha maji shimoni kibaki juu ya kile cha nje, fimbo zivutwe taratibu, na kuta zishikiliwe kwa tope la bentonaiti, udongo wa mfinyanzi unaovimba majini. Pwani ya Dar es Salaam, masharti mawili kati ya hayo yana ugumu wake. Karibu na mlango wa mto Msimbazi, maji ya ardhini hayatulii mahali pamoja; bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 wakati wa bamvua, na kipimo cha asubuhi huenda kisifae alasiri. Bentonaiti nayo haivimbi vizuri katika maji ya chumvi. Ikichanganywa na maji ya kisimani yaliyoingiliwa na bahari huganda mabongemabonge na kutuama, na kuta humomonyoka. Lazima boza lilete maji baridi, na gharama hiyo ndiyo ya kwanza kukatwa mkandarasi anapobanwa.

Wapo wanaosema kwamba thamani ya chini ni kosa la upande wa usalama: nguzo zitakuwa ndefu kidogo, basi. Hoja hiyo ni ya hatari. Mhandisi aliyezoea kuona namba ndogo katika kila shimo huanza kuzisamehe zote, akidhani ni mchanga uliochemka tu. Ndipo tabaka lililo legevu kweli linapopita bila kutiliwa shaka. Huko Niigata, Japani, tarehe 16 Juni 1964, tetemeko la ukubwa wa 7.5 liliugeuza mchanga wa namna hiyo kuwa kama uji. Majengo ya ghorofa ya Kawagishi-cho yaliinama, moja likakaribia kulala chali, ilhali kuta zake hazikuvunjika sana. Tena kosa halina upande mmoja. Mchanga laini wenye vumbi, ukiwa umeshikana, hujitanua unapogongwa na kuyafyonza maji, ukaonekana mgumu kuliko ulivyo. Ndiyo maana wahandisi wa udongo Terzaghi na Peck walipendekeza mapigo yanayozidi 15 yapunguzwe.

Mzizi wa tatizo uko pia kwenye mkataba. Mchorongaji anayelipwa kwa mita hana sababu ya kusubiri shimo litulie. Alipwe kwa kila jaribio lililofanywa ipasavyo, na daftari lake lionyeshe kimo cha maji ndani ya bomba na urefu wa mchanga ulioingia kabla ya kila jaribio. Bila taarifa hizo mbili, thamani N ya chini ya maji isikubaliwe kwenye ripoti.

Jaribio la koni, ambamo koni husukumwa ardhini milimita 20 kwa sekunde bila kuchimba shimo, huepuka sehemu kubwa ya tabu hii na lingepaswa kufanywa kando ya mashimo yote ya bonde la Msimbazi. Lakini koni hukwama kwenye mwamba wa matumbawe, nao uko sehemu nyingi za pwani hii. Kuanzia hapo kwenda chini, mtambo wa kuchoronga hauna mbadala.