Bandari ya Kindu: Mto, Reli na Gharama ya Kuhamisha Shehena

Bandari zinapotajwa, fikra za wengi huelekea pwani. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba Kindu nayo, kwenye ukingo wa kushoto wa Lualaba ulipo mtaa wa Kasuku, ina historia ya bandari inayostahili kuchunguzwa.

Kampuni ya CFL, iliyoundwa mwaka 1902, ilikusudia kuunganisha mto na Maziwa Makuu. Penye maji matulivu zingepita meli. Penye maporomoko ingelazwa reli. Reli ya Stanleyville (Kisangani) hadi Ponthierville (Ubundu), kilomita 125, ilikamilika mwaka 1906. Ile ya Kindu hadi Kongolo, kilomita 355, mwaka 1910. Kati ya Ubundu na Kindu ulitumika mto wenyewe, kiasi cha kilomita 300.

Mpango huo ulikuwa na busara yake na kasoro yake. Tuhesabu: shehena iliyofika Matadi ilitolewa melini ikapakiwa kwenye gari la moshi; Kinshasa ikarudishwa melini; Kisangani, garini; Ubundu, melini; Kindu, garini tena. Ni mara tano, na kila mara ni ujira, siku na upotevu. Tena stima na magari ya moshi yalikula kuni: msitu wa kandokando ya mto ulilipa sehemu ya nauli.

Mwaka 1955 reli ya Kindu ilipanuliwa kutoka upana wa mita moja hadi sentimita 106.7, na mwaka 1956 ikaungana na reli za Katanga kupitia Kabalo na Kamina. Reli ya Ubundu ilibaki na upana wa zamani. Kindu ikawa karibu zaidi na kusini, lakini haikukaribia Kisangani.

Mwaka huohuo wa 1956, huko Marekani, meli Ideal X ilibeba makontena 58. Siri ya kontena ni kuhamisha mzigo bila kuufungua. Lakini kontena huhitaji winchi imara katika kila kituo. Ikikosekana moja tu, mnyororo mzima hukatika.

Hapo ndipo lilipo funzo. Tishali hubeba tani moja kwa mafuta machache kuliko lori, na mto hauhitaji kukatiwa msitu ili upite. Basi anayetaka kupunguza gharama na kuuhifadhi msitu asianze na winchi ya Kindu peke yake. Aanze kwa kuhesabu vituo vyote.