Campanile giganteum

Campanile giganteum ni spishi ya konokono wa bahari iliyotoweka. Iliishi katika bahari ya kina kifupi na maji ya vuguvugu iliyofunika eneo la Paris, Ufaransa, wakati wa Luteti katika kipindi cha Eosini, takriban miaka milioni 48 hadi 41 iliyopita. Ni miongoni mwa konokono wakubwa kabisa wenye kombe waliopata kujulikana: makombe ya waliokomaa mara nyingi hufika sm 40 hadi 60, na yapo makubwa zaidi. Jean-Baptiste Lamarck ndiye aliyeieleza kitaalamu mwaka 1804, katika mfululizo wa makala zake juu ya visukuku vya viunga vya Paris, akaiita Cerithium giganteum.

Jina la spishi lamaanisha ukubwa, lakini ukubwa ndiyo sifa dhaifu kuliko zote za kuitambulia. Konokono hukua kwa kuongeza kombe ukingoni mwa mdomo, na mtoto wa jitu si jitu. Zenye uzito zaidi ni sifa za umbo. Kombe likishikwa ncha juu na mdomo ukimwelekea mtazamaji, mdomo huwa upande wa kulia. Mnara ni mrefu, una mizunguko mingi inayopanuka polepole. Kwenye mizunguko ya utu uzima kuna safu ya vinundu vikubwa iliyopangwa sehemu ya juu ya kila mzunguko, karibu na mshono unaoutenga na mzunguko uliotangulia. Chini ya mdomo upo mfereji mfupi. Ndani, nguzo ya katikati inayozungukwa na kombe zima ina mkunjo, yaani ukingo ulioinuka ambao hupanda pamoja na mizunguko.

Shida ni kwamba sifa hizi hazikai pamoja katika kisukuku kimoja. Ncha, ambayo huhifadhi kombe la utotoni, huwa imevunjika. Ukingo wa mdomo ni mwembamba na huvunjika pia. Mapambo nayo hubadilika kwa umri: mizunguko ya mwanzo ina nakshi ndogondogo, ya mwisho ina vinundu vizito, hivyo kipande cha juu na kipande cha chini cha konokono yuleyule vyaweza kuonekana kama spishi mbili. Dawa yake ni mistari ya kukua. Kila mstari kwenye uso wa kombe ni alama ya mahali ulipokuwa ukingo wa mdomo siku za nyuma, kwa hiyo mwenye kipande kisicho na mdomo bado aweza kuuchora mkunjo wa ukingo huo kwa kuifuata mistari. Ni kazi ya subira na kioo cha kukuzia, na inatoa jibu la uhakika zaidi kuliko kuhesabu vinundu.

Kuna visukuku vigumu zaidi. Kombe la spishi hii lilikuwa la aragoniti, madini ambayo huyeyuka kwa urahisi ndani ya mwamba. Katika mawe ya chokaa yaliyojengea sehemu kubwa ya Paris, kombe mara nyingi limeyeyuka na kuacha tope lililogandia ndani yake. Wachimba mawe wa Ufaransa waliviita vipande hivyo parafujo za kuinulia mizigo, na tabaka lenye vipande hivyo likachukua jina hilohilo. Umbo la namna hiyo halionyeshi vinundu wala mistari ya kukua. Linaonyesha kasi ya kupanuka kwa mizunguko na, kama bahati ipo, mfuo ulioachwa na mkunjo wa nguzo. Katika jenasi hii ziko spishi zilizopewa majina kutokana na maumbo ya ndani pekee, na majina hayo yafaa kupokewa kwa tahadhari.

Swali la undugu lilichukua muda mrefu zaidi. Cerithium, jenasi iliyoanzishwa na Bruguière mwaka 1789, ilikuwa kapu la makombe marefu ya kila aina. Hata konokono wa mikokoni wa Afrika Mashariki, ambaye leo huitwa Terebralia palustris na huwekwa katika familia ya Potamididae, aliwahi kutiwa humo. Mwaka 1884 jina Campanile lilichapishwa kwa ajili ya majitu haya, na mwaka 1904 Douvillé akayatengea familia, Campanilidae. Bado wengi waliyahesabu kuwa ndugu wa karibu wa Cerithium, maana makombe yanafanana kweli.

Jibu lilitoka kwa konokono aliye hai. Jenasi imebakiza spishi moja tu, Campanile symbolicum, katika maji ya kina kifupi ya kusini-magharibi mwa Australia. Mwaka 1981 Richard Houbrick alichapisha uchunguzi wa mwili wake, akaonyesha kuwa viungo vya ndani vinatofautiana mno na vya Cerithium. Kufanana kwa makombe hakukutokana na udugu wa karibu. Leo kundi hili lina familia yake ya juu, Campaniloidea. Kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, kombe linatosha kutenganisha spishi na spishi, ila linapotosha likitumiwa peke yake kupanga familia.

Uchunguzi wa kemia ya makombe uliochapishwa mwaka 2020 uligundua kuwa C. giganteum ilirefusha kombe lake kwa zaidi ya mm 600 kwa mwaka, ukipima kufuata mzunguko. Kwa kasi hiyo, tofauti ya miezi michache ya umri huonekana wazi katika urefu. Anayeletewa makombe mawili ya urefu tofauti kutoka tabaka moja aanze kwa kudhani ni umri tofauti, kisha ayalinganishe kwenye mizunguko yenye kipenyo sawa, hasa mkunjo wa nguzo, kabla ya kufikiria jina jipya.