Mavazi ya Mtoto Mchanga Sigowet: Aina, Kazi na Gharama

Mavazi ya mtoto mchanga, kwa maana inayotumika hapa, ni kila kitu cha kitambaa, uzi au plastiki kinachogusa mwili wa mtoto au kumfunika tangu anapozaliwa hadi anapotimiza miezi mitatu hivi. Maana hii ni pana kuliko nguo. Inaingiza nepi, shali, taulo na leso ya kubebea, lakini inaacha nje kitanda, neti na beseni. Mpaka wa miezi mitatu una sababu yake: mtoto aliyezaliwa na urefu wa sentimita 50 hivi huipita saizi yake ya kwanza kabla ya mwezi wa pili kwisha, na kufikia mwezi wa tano uzito wake kwa kawaida huwa umekuwa mara mbili ya ule wa kuzaliwa. Hakuna nguo atakazovaa maishani kwa muda mfupi kama hizi, na hesabu ya gharama huanzia hapo.

Sigowet ni mojawapo ya wadi nne za eneobunge la Soin/Sigowet katika Kaunti ya Kericho. Nyingine ni Kaplelartet, Soliat na Soin, na eneobunge lenyewe lilimegwa kutoka Belgut kabla ya uchaguzi wa 2013. Ardhi hapa ni ya mteremko. Juu kuna chai, mahindi na ng'ombe wa maziwa. Chini, upande wa Soin, kuna miwa na joto. Nyanda za Kericho, ambazo mji wake uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hupata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka, nyingi ikinyesha alasiri na mara nyingine ikiandamana na mvua ya mawe. Kwa hiyo mtoto wa juu na mtoto wa chini, ambao nyumba zao zinatenganishwa na safari fupi ya matatu, hawavishwi sawa, na orodha moja ya mahitaji haiwezi kuwafaa wote wawili.

Mavazi hayo huainishwa kwa kazi: yapo ya kutunza joto, ya kupokea unyevu, ya kubebea, na ya kutokea. Uainishaji wa madukani, unaofuata rangi na umri, hausaidii kupunguza gharama, kwa sababu unahesabu vipande, na mtu mwenye pesa kidogo anahitaji kuhesabu kazi. Leso moja inaweza kufanya kazi tatu. Suti ya mtoto yenye tai ya kipepeo haina hata moja, isipokuwa picha.

Mavazi ya joto ndiyo ya kwanza kwa umuhimu. Joto la kawaida la mwili wa mtoto mchanga ni kati ya nyuzi 36.5 na 37.5 za Selsiasi. Mtoto huzaliwa akiwa amelowa, na kichwa chake, ambacho ni karibu robo ya urefu wote wa mwili, hupoteza joto upesi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linaelekeza mtoto akaushwe mara moja, alazwe kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, avishwe kofia, na asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita. Baada ya hapo kanuni ni ya matabaka: mtoto huvaa tabaka moja au mawili zaidi ya mtu mzima aliye katika chumba hicho hicho. Katika nyumba ya mabati upande wa chai, ambako usiku joto huweza kushuka hadi nyuzi 10 hivi, matabaka hayo ni vesti ya pamba, rompa yenye miguu, sweta, na shali juu ya vyote. Chini Soin, adhuhuri, vesti na nepi hutosha.

Boshori, kofia ya kufumwa inayofunika masikio, ni kipande kidogo chenye faida kubwa kuliko bei yake. Boshori zuri halina kamba ya kufungia shingoni. Soksi huvaliwa miguuni na, kwa wasionunua glavu, mikononi pia. Kabla ya kuvishwa, soksi hugeuzwa nje-ndani na nyuzi zinazoning'inia hukatwa, kwa kuwa uzi mmoja uliolegea unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mtoto na kuzuia damu bila yeyote kuona.

Kuna tofauti kati ya shali na blanketi. Shali hufumwa kwa uzi na ina vitundu. Vitundu hivyo hushika hewa, na ni hewa hiyo inayotunza joto. Blanketi la flisi ni zito na halipitishi hewa vizuri, ingawa hukauka haraka. Pia kuna tofauti kati ya kufunika na kufunga. Mtoto aliyefungwa kwa nguvu huku miguu imenyooshwa yuko katika hatari ya kuteguka nyonga. Miguu inatakiwa iweze kukunjika na kutanuka ndani ya shali. Kupita kiasi nako ni kosa, tena la kawaida, hasa pale kila anayekuja kumwona mtoto anapoongeza kitambaa kimoja. Kipimo cha joto ni kifua au kisogo. Viganja na nyayo huwa baridi hata mtoto akiwa salama.

Mtoto aliyezaliwa na uzito chini ya kilo 2.5 ana vazi lake la pekee, nalo halishonwi. Ni kifua cha mama. Njia hii, inayoitwa ya kangaruu, ilianzishwa mwaka 1978 na daktari Edgar Rey Sanabria huko Bogotá, Kolombia, katika hospitali iliyokuwa na mashine chache za kutunzia watoto njiti. Mtoto huvaa nepi, boshori na soksi tu, hulazwa wima kati ya maziwa ya mama, na wote wawili hufungwa kwa leso au kitambaa kipana. Kati ya mavazi yote yanayoelezwa hapa, hili ndilo rahisi zaidi kwa bei na, kwa mtoto mdogo kiasi hicho, ndilo bora zaidi.

Mavazi ya unyevu ni nepi na vifaa vyake. Nepi za kitambaa ni za aina mbili kuu: za taulo, ambazo ni nene na hunyonya mkojo mwingi, na za melimeli au flaneli, ambazo ni nyepesi na hukunjwa mara kadhaa. Nepi hukunjwa pembetatu na kufungwa kwa pini yenye kifuniko. Katika siku za mwanzo upindo wa mbele hushushwa chini ya kitovu ili kikauke kwa hewa. Hospitalini nchini Kenya kitovu hupakwa jeli ya klorheksidini, na nepi iliyolowa ikikilalia, kazi ya jeli hiyo hupungua. Juu ya nepi huvalishwa chupi ya plastiki, ambayo huokoa matandiko lakini, ikiachwa muda mrefu, huunguza ngozi. Aina ya tatu ni nepi ya kutupwa, yaani pampasi. Familia nyingi huchanganya: kitambaa mchana, pampasi usiku na safarini. Bei ya pampasi imewahi kuwa jambo la kitaifa. Muswada wa Fedha wa 2024 ulikuwa na pendekezo la ushuru wa mazingira ambao ungegusa nepi hizo, na malalamiko ya kina mama yalikuwa miongoni mwa yaliyosikika kabla ya muswada wote kuachwa Juni mwaka huo.

Idadi ya nepi za kitambaa zinazohitajika hutokana na mtoto kwa sehemu tu. Kwa sehemu kubwa hutokana na mvua. Mtoto mchanga hubadilishwa mara kumi hivi kwa siku. Januari, jua likiwaka, nepi zilizofuliwa asubuhi hukauka jioni, na nepi ishirini hutosha: kumi za kuvaa na kumi za kamba. Aprili na Mei nepi hukaa kambani siku mbili, na idadi hupanda hadi thelathini: kumi za leo, kumi zilizofuliwa leo, kumi zilizofuliwa jana na bado ni mbichi. Mtoto ni yule yule, matumizi ni yale yale, lakini gharama imeongezeka kwa nusu. Hapo ndipo nepi ya melimeli, inayodharauliwa kwa wembamba wake, inaposhinda ya taulo: ikitandazwa ni tabaka moja, na tabaka moja hukauka mapema. Bajeti ya nepi inayopangwa bila kutazama kalenda ya mvua ni ya kubahatisha.

Njia za kukaushia ndani ya nyumba zina viwango vyake. Kamba iliyofungwa chini ya upenu, ambako upepo unapita, ni nzuri kuliko zote. Jikoni kwa kuni nepi hukauka upesi lakini hubeba moshi, na moshi huo humfuata mtoto kitandani. Jiko la makaa ndani ya chumba cha kulala kilichofungwa halikubaliki kwa sababu yoyote. Gesi yake haina harufu na huua. Pasi ya makaa, inayopigiwa nje au mlangoni, humaliza unyevu uliobaki kwenye mishono, na katika sehemu za joto huua mayai ya inzi anayetaga kwenye nguo zilizoanikwa zikiwa mbichi.

Mavazi ya kubebea ni leso. Leso huuzwa kwa jozi, na jozi hiyo hugawanywa: moja ya kumbeba mtoto mgongoni, nyingine ya kumfunikia au ya mama kujifunga. Leso mpya ni ngumu na huchuja rangi. Hufuliwa mara mbili tatu kwanza. Mama anayechuma chai hambebi mtoto mchanga shambani, kwa kuwa kikapu ndicho kinachokaa mgongoni na majani ya asubuhi yana umande. Mtoto huachwa na kogo, yaani nyanya yake, au na binti mkubwa, na leso ya pili hubaki nyumbani naye.

Mavazi ya kutokea ni ya kliniki na ya kanisani. Ya kliniki yana masharti. Chanjo ya BCG hudungwa kwenye mkono wa kushoto chini ya kiwiko, na zile za sindano za wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne hudungwa mapajani. Nguo ifaayo, basi, ina mikono mipana inayokunjwa na vifungo vya kubana kati ya miguu, ili mtoto asivuliwe mwili mzima kwenye baraza lenye baridi. Ya kanisani haina sharti lolote, na pengine ndiyo maana hugharimu zaidi.

Vyanzo vya mavazi ni vinne. Cha kwanza ni urithi wa ndani ya ukoo: nguo za ndugu na binamu, ambazo zina sifa isiyopatikana dukani, kwamba zimefuliwa mara nyingi hata zikalainika. Cha pili ni zawadi. Wanawake wa chama au wa jumuiya ya kanisa huja kumwona mtoto wakiwa na sabuni, unga wa uji na shali; na kwa kuwa kila mmoja huwaza shali, mtoto anaweza kupata shali tano na asipate vesti hata moja. Chama chenye utaratibu hugawana orodha mapema. Cha tatu ni ufumaji. Sweta la mtoto hutumia uzi kidogo, na fundi mwenye sindano mbili hulimaliza kwa siku chache. Uzi wa akriliki ni wa bei ya chini na haurudi ukifuliwa, ilhali sufu halisi ina joto zaidi lakini huwasha ngozi laini, hivyo huvaliwa juu ya pamba.

Chanzo cha nne, na kikubwa, ni mitumba. Robota likifunguliwa, vipande safi huchaguliwa kwanza na kuitwa kamera. Vinavyobaki hushuka bei kadiri siku inavyokwenda, hadi mwisho viitwe fagia. Katika nguo za watoto wachanga tofauti ya bei kati ya kamera na fagia ni kubwa kuliko tofauti ya ubora, kwa kuwa mwenye wa kwanza alizivaa kwa wiki chache tu. Soko la Sondu, mpakani mwa Kericho na Kisumu kwenye barabara ya Kisii, na soko la mji wa Kericho, ndiko wengi wa Sigowet huchagulia. Kusoma lebo ni ujuzi: namba 50, 56 na 62 kwenye nguo za Ulaya ni urefu wa mtoto kwa sentimita, na ya 62 hutosha hadi mwezi wa tatu hivi. Ya 50 haifai kununuliwa, isipokuwa labda kwa mtoto njiti. Zipu hukaguliwa, vifungo huvutwa, na mpira wa kiunoni hunyooshwa. Utegemezi wa chanzo hiki ulionekana Machi 2020, serikali iliposimamisha uingizaji wa mitumba kwa sababu ya korona hadi Agosti.

Nguo ya mtumba inayonuka naftalini inahitaji tahadhari ya pekee. Mvuke wa dawa hiyo ya nondo huweza kuharibu chembe nyekundu za damu za mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali inayopatikana zaidi katika maeneo yenye historia ndefu ya malaria kama magharibi mwa Kenya, na kumletea umanjano mkali wa ngozi na macho. Nguo hiyo huanikwa juani siku kadhaa na kufuliwa hadi harufu iishe, isipoisha haivaliwi.

Wakati wa kununua hufuata chai. Mkulima mdogo anayeuza majani kwa viwanda vya chai vya KTDA hulipwa kila mwezi kiasi cha awali, na bonasi huja baada ya mwaka wa fedha kwisha, kwa kawaida Oktoba. Mtoto wa Novemba hukuta duka limekwisha tembelewa. Mtoto wa Mei hukutana na mvua kubwa na mfuko mtupu kwa pamoja, na kwa ajili yake nepi hununuliwa mbili tatu kila mwezi tangu mimba ikiwa changa, pesa za bonasi zikiwa bado hazijaisha.

Baada ya miezi mitatu mavazi huachana njia. Sweta, boshori na shali hufuliwa, hukaushwa kabisa na kuwekwa katika mfuko pamoja na majani makavu ya mwarobaini badala ya naftalini, yakisubiri mtoto wa dada au wa jirani. Leso hurudi kwa mama. Nepi za taulo huendelea hadi mtoto ajue kwenda haja, kisha hukatwa kuwa vitambaa vya kukaushia viwele vya ng'ombe kabla ya kukamua.