Kambi za likizo zinavyokuza waimbaji chipukizi

SAMAKI mkunje angali mbichi, walinena wahenga. Methali hii ina uzito wa kipekee kwa walimu wa kuimba, kwani sauti hukua pamoja na mtoto na huhitaji kuelekezwa mapema.

Ndiyo sababu kila mwaka, shule za Marekani zinapofungwa kwa likizo ndefu ya majira ya joto kati ya Juni na Agosti, watoto wengi nchini humo hufunga virago na kuelekea kwenye kambi za muziki.

Mojawapo ya kambi kongwe na mashuhuri zaidi ni Interlochen, iliyo baina ya maziwa mawili katika misitu ya misonobari, kaskazini mwa jimbo la Michigan.

Mwanzilishi wake alikuwa mwalimu wa muziki, Joseph Maddy. Mnamo 1926 aliwakusanya wanafunzi wa sekondari kutoka majimbo mbalimbali mjini Detroit, wakaunda okestra moja na kuwatumbuiza walimu wa muziki waliokuwa wakikutana huko. Mwaka uliofuata alifanya vivyo hivyo mjini Dallas.

Vijana hao walifanya mazoezi kwa siku chache tu, wakatumbuiza, kisha wakatawanyika huku wakitamani kuendelea kuwa pamoja. Ili kuikata kiu hiyo, Maddy alifungua kambi mwaka wa 1928 ikiwa na wanafunzi 115. Ingawa ilianza kwa ajili ya wapigaji ala, baadaye uimbaji, uigizaji na dansi pia vilipewa nafasi.

Je, ni kipi ambacho mwimbaji mchanga hupata kambini asichoweza kukipata nyumbani?

Kwanza ni muda. Shuleni, muziki hubanwa kati ya masomo mengine. Kambini, mtoto huamka akijua kuwa siku nzima ni ya kujifunza namna ya kuvuta na kutawala pumzi, kusoma nota, kutamka maneno kwa ufasaha na kuoanisha sauti yake na za wenzake katika kwaya.

Pili ni wenzake. Mtoto anayechekwa kijijini kwa kupenda kuimba hugundua kuwa hayuko peke yake. Naye aliyezoea kusifiwa kuwa hana kifani hukutana na wanaomshinda, akajifunza unyenyekevu na bidii.

Tatu ni ushauri wa wataalamu. Mvulana anapobaleghe, nyuzi zake za sauti hurefuka na sauti hushuka kwa takriban oktavo moja. Wengi huacha kuimba wakati huo kwa kudhani kuwa kipawa kimetoweka. Mwalimu stadi humhamisha hadi kwenye sauti inayomfaa na kumwonya dhidi ya kulazimisha koo.

Miongoni mwa waliopitia Interlochen ni Jessye Norman, binti wa mji wa Augusta, Georgia, aliyezaliwa mwaka wa 1945 na ambaye baadaye aliimba katika majumba makuu ya opera duniani hadi kuheshimika kama mmoja wa waimbaji bora wa kizazi chake. Alifariki mwaka wa 2019.

Mwingine ni Josh Groban, aliyehudhuria kambi hiyo katika likizo za 1997 na 1998. Mapema mwaka wa 1999, akiwa na umri wa miaka 17 tu, aliitwa kushikilia nafasi ya Andrea Bocelli katika mazoezi na Celine Dion kabla ya sherehe za tuzo za Grammy. Albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka wa 2001.

Hata hivyo, kambi hizi zina dosari moja kubwa. Karo yake hufikia maelfu ya dola, na ingawa wapo wanafunzi wanaofadhiliwa, watoto wengi wa maskini hubaki nje. Kipawa hakichagui mfuko wa mzazi, lakini mafunzo huuchagua.

Hapa nchini, Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka wa 1927, limeibua vipaji vingi shuleni. Hata hivyo, tamasha ni mashindano. Kwaya hufanya mazoezi ya nyimbo chache, ikapanda jukwaani kwa dakika kadhaa, ikapewa alama na kurejea nyumbani. Anayeshindwa katika ngazi za mwanzo hana pengine pa kuendelea kujifunza mwaka huo.

Pengo hilo linaweza kuzibwa bila gharama ya kutisha. Kambi ya wiki moja wakati wa likizo ya Agosti huhitaji ukumbi wa shule, mabweni yaliyo wazi, kinanda, ngoma na walimu wachache waliojitolea. Kaunti, makanisa na shule zenyewe zina uwezo wa kushirikiana kuiandaa.

Maddy alitambua mapema kuwa siku chache za kutumbuiza hazitoshi. Chipukizi wetu nao wanahitaji zaidi ya makofi ya siku moja.