Tofauti ya chuki na kuchukiza

Kivumishi cha Kiingereza 'hateful' kina maana mbili: -enye chuki, na -a kuchukiza. Kiswahili huzitenganisha. Uvundo wa lililokuwa jaa la taka la Kibarani, karibu na Changamwe, ulichukiza. Haukuwa na chuki kwa yeyote. Bali vijikaratasi vilivyoenezwa Likoni mwaka 1997, wakati wa mashambulizi yaliyoanza Agosti 13, vikiwaamuru wabara wahame, vilikuwa vya chuki.

Mfasiri asizichanganye. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inalenga matusi na vitisho vinavyochochea chuki ya kikabila. Kuudhi pekee hakutoshi. Neno likikosewa, aliyekera tu ataitwa mchochezi, na mchochezi ataonekana mkosa adabu tu.